Nilimwombea Mwandishi, Wakampata

Majina ya wiki hii nimeyabadilisha. La Keziah pekee nimeliacha, kwa sababu mmelisoma wiki sita mfululizo na kulificha sasa ni kujidanganya. Mkifika katikati mtajua kwa nini.

Kwa anayeanza leo: mimi ni Kogo Philister, yaani Bibi Philister kwa lugha yetu. Ninaishi huku ughaibuni, mji wa Fridley, kwa binti yangu Keziah, nesi, aliyeigeuza nyumba yake kuwa makao ya wazee wanne kwa leseni ya serikali. Mimi si mfanyakazi. Ninapika, ninakunja nguo, ninakaa na wazee. Mmoja wao ni Madam Tao, Mchina wa miaka themanini na minne, ambaye zamani alikuwa mwandishi wa vitabu na magazeti huko Hong Kong. Ndiye aliyenisukuma kuandika haya mnayosoma.

Mara ya mwisho niliwaambia nimonia ilikuwa imemshika. Siku kumi alikuwa hali chakula. Uji anatema, supu anatema, dawa anaficha shavuni.

Mimi dawa sizijui. Maombi ninayajua.

Jumapili baada ya ibada nikaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha maombi cha kanisa letu. Nikaweka picha yake akiwa kitandani, mpira wa oksijeni puani. Nikaandika jina lake lote, umri wake, ugonjwa wake na mahali alipo.

Mtaniuliza kwa nini niliandika yote. Kwetu mtu haombewi nusu. Ukisimama kanisani useme kuna fulani anaumwa mahali fulani, watu watamwombea nani?

Keziah aliwahi kuniambia, siku Madam Tao alipoletwa: "Mama, huyu hapigwi picha." Nikadhani ni zile picha za kujionyesha. Sikujua kwamba na ya maombi ni picha.

Amina zilifika mia moja na kitu. Nikalala nimeridhika.

Jumanne saa nne asubuhi kengele ikalia.

Mlangoni walisimama wanawake watatu wa Kichina, wa rika langu. Walikuwa na shada la maua kubwa kama la harusi. Mmoja mwenye koti la zambarau alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki kifuani, kama amebeba mtoto.

"Tao Peilan?" akauliza. "Yuko hapa? Yu hai?"

"Yu hai. Ingieni, baridi hiyo."

Ningefanya nini, wasomaji wangu? Mtu amekuja kumwona mgonjwa, maua mkononi, nimwambie arudi alete barua?

Wanjohi, baba mmoja anayefanya shifti ya mchana, akachungulia kutoka bafuni ambako alikuwa akimwogesha mzee mwingine.

"Kogo, hao ni akina nani? Keziah anajua?"

"Wewe ogesha mzee wako. Ni wageni."

"Basi mimi sijaona kitu."

"Vizuri. Endelea kutoona."

Nikauliza walijuaje. Kumbe ni Mama Imaculata wa kikundi chetu. Anafanya kazi Saint Paul pamoja na nesi wa Kichina. Alimwonyesha picha ili amfundishe kulitamka jina la mgonjwa, asije akaliharibu mbele za Mungu. Yule nesi akampelekea mama yake. Mama yake ndiye huyu wa koti la zambarau.

"Nilipiga kelele," akaniambia. "Sisi tulidhani alikufa zamani."

Akafungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na vitabu vilivyokuwa vya manjano kwa uzee, na vipande vya magazeti vilivyobandikwa kwenye daftari.

"Nilikuwa nashona nguo kiwandani," akasema. "Saa ya chakula mmoja wetu alikuwa anatusomea safu yake ya gazeti au kitabu chake kwa sauti, sisi wengine tunakula kimya. Siku alipomuua yule mchumba kwenye kitabu, msimamizi mwenyewe alilia. Mashine zilikaa nusu saa bila kuguswa."

"Nani alimuua?"

"Huyu!" Akamnyoshea kidole Madam Tao kitandani. "Alimwangusha kutoka kwenye feri. Mpaka leo sijamsamehe."

Madam Tao akafumbua macho. "Alikuwa mjinga," akasema. "Nilikuwa nimemchoka."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Wasomaji wangu, kwa siku kumi na mbili sikuwa nimesikia sauti ya Madam.

Akaomba kitana. Akaomba rangi ya mdomo. Akaomba kalamu. Nikampandishia mito, akaanza kutia sahihi kitabu baada ya kitabu bila kukosea. Nilileta chai na chapati kwa wageni, na yeye akanyoosha mkono akakata kipande, akachovya, akala. Akakata kingine.

Nilisimama pale na sinia nikisema moyoni: Bwana, umejibu.

Walivyokuwa wakiingia wengine, maana waliitana kwa simu, niliwaandikisha kwenye daftari kama tunavyofanya nyumbani kwenye jambo la watu. Jina, mahali unatoka, ujumbe kwa mgonjwa. Mmoja alisimamisha simu yake juu ya kabati na kuzungumza nayo. Nikadhani anaongea na mtoto wake.

Ndipo yule wa koti la zambarau akauliza, kwa upole kabisa:

"Na Kiharagwe? Siku hizi yuko wapi? Sisi sote tulimlea."

Kalamu ikasimama.

"Nimechoka," Madam Tao akasema. Akageukia ukuta.

Keziah alirudi saa tisa kutoka hospitali anakofanya kazi. Hakufika hata sebuleni.

"Mama, hivi viatu ni vya nani?"

Jozi saba za buti zilikuwa zimepangwa mlangoni.

"Wageni wa Madam. Keziah, amekula! Amekula chapati nzima!"

Alipita akaona maua, akaona daftari langu la wageni, akaona simu juu ya kabati ikiwa bado inaongea na dunia, inarusha chumba kizima mubashara. Akaizima mwenyewe. Akawasindikiza wageni kwa adabu, mmoja mmoja, akawashikia mpaka makoti. Kisha akafunga mlango na kuuegemea.

"Umeandika wapi?"

"Kwenye maombi tu."

"Maombi ya watu wangapi, Mama?"

"Mia mbili na kitu."

"Mama, hiyo ni siri ya mgonjwa! Jina lake, ugonjwa wake, nyumba yangu! Mkataba wake unasema hakuna picha, hakuna mgeni bila ruhusa ya mlezi wake. Nimeusaini mimi, kwa mkono wangu!"

"Sikumtangaza sokoni. Nilimtangaza kwa Mungu."

"Mungu alikuwa hajui yuko Fridley?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

Keziah akakaa kwenye ngazi, bado na sare ya kazi. "Abigail akipeleka malalamiko, leseni imekwenda. Wazee wote wanne watahamishwa. Na Madam Tao kwa hali ile, ukimpeleka jengo la watu mia mbili asiowajua, hamalizi mwezi. Mimi ninaijua kazi yangu. Hamalizi mwezi."

Abigail ndiye mlezi wa kisheria wa Madam Tao. Ni Mchina wa miaka hamsini na kitu, mfamasia. Miaka miwili amekuja kila Alhamisi. Anakagua dawa, anauliza mgonjwa amekula nini, anakaa dakika ishirini, anaondoka. Koti havui. Karatasi za mahakama zinampa jina la ukoo tofauti kabisa na la Madam. Sisi tulijua ni mtu aliyewekwa na ofisi.

Jumatano nikakaa na Madam Tao. Tuna Kiingereza chetu cha vipande, mimi changu na yeye chake, na tunaelewana kuliko watu wengi wenye kizima.

"Kiharagwe ni nani?" nikauliza.

Aliichukua kalamu ya jana, akaizungusha vidoleni.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Kila siku safu moja. Hata siku niliyojifungua niliandika, nesi akaipeleka gazetini. Vitabu arobaini na moja, hivyo ni rahisi. Kitabu unabuni mtu, ukimchoka unamtupa majini. Safu ya kila siku haina kubuni. Siku ukikosa la kuandika, unaangalia nani amekaa mezani."

"Nani alikuwa amekaa mezani?"

"Mume, kwanza. Akakoroma, nikaandika. Akahama. Nikaandika kuhama kwake." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kisha akabaki mtoto."

Mtoto huyo mji mzima ulimjua kwa jina la Kiharagwe. Wasomaji walijua meno yake yalitoka lini. Walijua alikojoa kitandani mpaka darasa la pili. Alipofeli hesabu, muuza samaki alimpa pole. Alipoanza hedhi, wanawake wasiomjua walimtumia zawadi gazetini.

"Walimpenda," Madam Tao akasema. "Mimi pia. Kila neno lilikuwa la upendo, na kila neno lilikuwa la kweli."

"Kisha?"

"Akiwa na miaka kumi na tisa, mchumba wake akamwacha. Alilia wiki nzima. Mimi sikuwa na la kuandika wiki hiyo. Alikuwa na daftari lake chini ya godoro." Akafunga macho. "Nilichapisha mistari mitatu tu. Mistari mitatu mizuri, Kogo. Kuliko yangu."



Alhamisi Abigail hakuja saa yake. Alikuja asubuhi, na bahasha.

Keziah alikuwa amechukua ruhusa kazini. Tulikaa mezani jikoni, na Madam Tao kwenye kiti chake cha magurudumu, maana siku hiyo alikataa kubaki chumbani. Abigail akatoa fomu ya malalamiko. Ilikuwa imejazwa yote. Ilibaki sahihi.

"Dada Abigail," Keziah akaanza, "kosa ni langu. Nyumba ni yangu. Mama yangu hakujua."

"Huwa hawajui," Abigail akasema.

"Alitaka kumsaidia Madam."

"Huwa wanataka kusaidia. Jana kazini kwangu mwanamke alikuja dirishani kuchukua dawa ya presha. Akaniangalia, akaangalia picha yangu ya zamani ya gazetini kwenye simu yake, akaniangalia. Akaniuliza kama mimi ni Kiharagwe. Mbele ya foleni. Miaka thelathini na saba sijaitwa jina hilo."

Nilimwangalia Madam Tao. Nilimwangalia Abigail. Pua ile ile. Wasomaji wangu, miaka miwili nilikuwa nampa mwanamke huyu chai na sikuiona ile pua.

"Ni mama yako?" nikasema.

"Ni mgonjwa wangu wa Alhamisi," akasema. "Hivyo ndivyo nilivyoweza. Niliambiwa yuko peke yake, hana mtu, nikamtoa kule alikokuwa nikamleta karibu. Nilimtafutia nyumba ambayo hakuna mtu anayesoma Kichina. Sharti langu lilikuwa moja tu."

Madam Tao akasema kitu kwa Kichina, chini chini. Abigail hakugeuka.

"Anasema nini?" Keziah akauliza.

"Anasema kila neno lilikuwa la kweli. Huwa anasema hivyo. Ndiyo maana sikuweza kujitetea. Kama angesema uongo, ningekanusha."

Nikapiga magoti. Sioni haya kuwaambia. Kwa miguu hii yangu nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, nikasema nisamehe mwanangu, niadhibu mimi, nirudishe kwetu, mwache Keziah na nyumba yake.

"Simama, Mama Mzee," Abigail akasema, na mkono wake ulikuwa tayari chini ya kwapa langu ukininyanyua. Nilipoketi, nikaona amesukuma fomu pembeni kidogo. Keziah naye aliona. Pumzi zilianza kuturudia.

Na hapo, kwa nia njema kabisa, Madam Tao akatumaliza.

"Usimkasirikie Kogo," akamwambia binti yake kwa Kiingereza, ili sote tuelewe. Alikuwa anatabasamu kama mwalimu siku ya kufunga shule. "Kogo ni mwandishi. Mimi nimemfundisha. Kila wiki, gazeti la kwao. Watu wengi wanasoma. Mzuri sana. Anaandika habari za Keziah."

Keziah akaweka kikombe chini.

"Anaandika nini?" Keziah akasema.

"Ni hadithi tu," nikasema.

"Habari za nani, Mama?"

Abigail alikuwa anamwangalia Keziah, si mimi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ile hasira ilikuwa imekwenda, na huruma iliyokuja mahali pake ilinitisha zaidi.

"Hujazisoma?" akamwuliza.

"Nilijua anaandika mambo ya kanisani. Mapishi. Mambo ya wazee." Keziah akanigeukia. "Mama?"

"Mimi niliisoma yangu nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha magazeti," Abigail akasema. "Wewe angalau keti." Akachukua fomu, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. "Zisome zote. Ukimaliza nipigie simu. Utakaloniambia nifanye na fomu hii, nitalifanya. Ukisema nisitume, sitatuma. Wewe ndiye utakayejua kama mtu anaweza kuishi nyumba moja na mama wa namna hii."

Akaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipita karibu na kiti cha magurudumu, akalivuta blanketi la Madam Tao likafunika magoti.

Mimi huandika kwa mkono, kwenye madaftari ya shule, kisha ninapiga picha kurasa na kumtumia mhariri. Madaftari yako chumbani kwangu, kwenye begi nililokuja nalo. Keziah hakuniuliza. Alikwenda akaleta begi zima.

Akasoma la kwanza. Hapo ninaeleza nilivyofika uwanja wa ndege na viatu vya wazi kwenye theluji. Akatabasamu kidogo. Akasoma la pili.

Mimi nilikuwa namenya viazi. Nilimenya vya chakula cha jioni, kisha nikamenya vya kesho.

La tatu mnalikumbuka. Ni lile la Kiprop, mume wake. Kanisani Keziah amewaambia watu Kiprop anaendesha lori majimbo ya mbali, na kila Jumapili tunamwombea safari njema, na mimi ninaitikia amina. Nyinyi niliwaambia kweli. Niliwaambia Kiprop yuko Frogtown, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na mwanamke mwingine na mtoto mchanga. Niliwaambia siku Keziah aliponitoa kliniki ya presha, badala ya kurudi nyumbani alipitia University Avenue, akaegesha gari mbele ya jengo lile, akazima injini. Nilikuwa kiti cha nyuma, nimefunga macho. Alikaa saa nzima akiangalia dirisha moja la juu. Aliimba wimbo mmoja wa kwetu, ule wa kumlaza mtoto. Kisha akajipaka poda usoni, akawasha gari, akaniita: "Mama, amka, tumefika karibu."

Niliyaandika hayo vizuri. Mhariri aliniambia barua nyingi zilikuja kwa sababu ya wiki hiyo.

Keziah aliusoma ukurasa ule. Akarudi mwanzo wake, akausoma tena.

"Kumbe ulikuwa macho," akasema.

"Nilikuwa macho."

"Saa nzima."

"Saa nzima, mwanangu."

"Uliniona. Uliniona vile, ukanyamaza. Tukafika nyumbani ukaniuliza kama unga wa ugali upo." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Mimi hukuniambia neno. Ukaiambia Kenya nzima."

Nikaweka kisu chini.

Hakusoma la nne, wala la tano, wala la sita. Akachukua simu akapiga.

"Abigail. Ni Keziah. Nimesoma." Akasikiliza. Nje Wanjohi alikuwa anakwangua theluji, nikasikia koleo lake likisimama na kuanza. "Hapana. Usiitume."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Lakini usiichane pia," Keziah akasema. "Ikae kwako. Nitakupigia."

Akaweka simu mezani. Akakusanya madaftari yote sita, akayapanga sawa, akayakalia. Ndiyo, wasomaji wangu, aliyaweka kwenye kiti akayakalia, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Kisha akavuta kiti kingine kwa mguu, akakigonga kwa kiganja.

"Kaa hapa."

Nikakaa. Magoti yetu yaligusana. Kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu Madam Tao alikuwa ameinua shingo, anatuangalia kwa yale macho yake ya kazi, na Keziah alimwona.

"Madam, samahani," akasema, akasimama, akamsukuma taratibu mpaka chumbani, akafunga mlango. Akarudi akakaa tena juu ya madaftari.

"Ile siku kwenye gari," akaniambia. "Ulichokiona. Niambie sasa. Niambie mimi, na usiniambie kama ulivyoandika."

Nikafungua mdomo. Mimi, niliyewajazia nyinyi wiki sita bila kukosa, nikatafuta neno la kwanza la kumwambia mwanangu. Sikulipata. Na yeye alikuwa anangoja.